Unasoma Wapi?

Mtu mzima wa Kiswahili akikutana na mtoto, akishamjulia hali na kumuuliza jina, swali linalofuata linajulikana: "Unasoma wapi?" Haulizi habari za kitabu. Anataka atajiwe shule. Kitenzi soma kimebeba kazi mbili kwa muda mrefu mno hata hatuoni tena kwamba ni mbili: kufuata maandishi kwa macho ukayaelewa, na kuwa umeandikishwa mahali. Kijana aliyeacha shule tunasema "hasomi siku hizi", hata kama kila jioni yuko na gazeti mkononi mpaka giza limfukuze. Mwenzake anayekwenda darasani kila siku bila kufungua kitabu "anasoma", na hakuna atakayebisha.

Mimi na mume wangu tunawafundisha watoto wetu nyumbani, Houston, jimbo la Texas, kwa hiyo swali hilo hutukuta harusini, misibani na kwenye foleni ya duka la vyakula vya Kiafrika. Kifungua mimba ameshajua jibu linalowaridhisha wakubwa. Kitinda mimba hajui. Kiangazi cha 2024, kwenye shughuli ya Watanzania, mzee mmoja wa heshima alipokea shikamoo yake, akamshika kichwa, akamuuliza, "Unasoma wapi, mjukuu wangu?" Mtoto akajibu kwa adabu zote, "Barazani." Mzee akanitazama mimi. Mtoto alikuwa amelijibu swali kama lilivyotamkwa, kwani barazani ndiko anakosoma, miguu juu ya kiti, kitabu tumboni. Tangu hapo nimekuwa nikiyageuzageuza maneno ya maisha yetu haya, kuona yapi yanatutosha na yapi yanatupwaya.

Shule ni neno la Kijerumani, Schule, lililobaki bara baada ya Wajerumani kuondoka. Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, ikashika skuli. Wazee wa pwani walikuwa na chuo tayari. Chuo kwao kilikuwa kitabu, ndipo kikawa mahali watoto wanaposomeshwa Kurani, na leo kimepanda hadi chuo kikuu. Darasa nalo, ambalo kwa wengi wetu ni chumba chenye madawati na ubao, msikitini bado ni kikao: sheikhe ameketi, watu wamemzunguka, kitabu kimefunguliwa, na hapo darasa lipo hata kama ni chini ya mwembe. Mtaala ndio unaonigusa zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu la kuketi na kitabu ukakipitia, na kamusi za zamani za Kiswahili ziliufasiri hivyo hivyo, kuwa ni usomaji, kudurusu. Leo mtaala ni waraka wa wizara. Mwendo ni ule ule kila mara: neno linazaliwa likiwa jina la tendo, kisha jengo au ofisi inalichukua. Sina ugomvi na majengo. Nasikitika tu kwamba tendo hubaki likitafuta jina upya.

Texas walilitatua jambo hili kisheria. Mwaka 1994, katika kesi ya Leeper, Mahakama ya Juu ya jimbo ilikubali kwamba familia inayofundisha watoto wake nyumbani kwa dhati, kwa mtaala wa maandishi wenye kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, inahesabiwa kuwa ni shule ya binafsi. Sheria haikuwa na jina la kitu hicho, ikakiazimia jina la jirani yake. Linatulinda, nami nalishukuru. Lakini ni jina la mawakili. Halisemi kinachotendeka mezani.

Kwetu hata hilo la kuazima halipo, na sababu iko wazi. Tanzania, Sheria ya Elimu ya 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi kuwa lazima. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Pasipo nafasi ya jambo, jina litatoka wapi? Machi 2020, korona ilipofunga shule, wazazi wengi walijikuta na kazi hii mikononi bila kuiomba, na maneno yakaanza kusikika: masomo ya nyumbani, elimu ya nyumbani, shule ya nyumbani. Shule zilipofunguliwa, maneno nayo yakatawanyika kabla ya moja kushinda.

Elimu ya nyumbani sikuipenda tangu mwanzo. Kwa Mswahili hiyo ni adabu: kusalimia, kupisha wakubwa, kutotangulia mkono kwenye sinia. Kila mtoto anayo au hana, awe anakwenda shule au haendi. Shule ya nyumbani inaingiza kengele na sare sebuleni. Na mama yangu, aliye Tanga, nilipomweleza mara ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye neno analolijua. "Ah, tuisheni."

"Si tuisheni, Mama. Tuisheni ni ya kujazia. Hii ndiyo yenyewe."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi itafutieni jina, maana watu wananiuliza."

Wamarekani wanalo lao la kawaida, na wanalo la pili ambalo alilibuni John Holt, mwalimu aliyekata tamaa na madarasa, ambaye mwaka 1977 alianzisha jarida la Growing Without Schooling. Alichukua neno shule la Kiingereza akalitia kiambishi cha kutengua. Kiswahili ni hodari wa kutengua: funga, fungua, tega, tegua, bandika, bandua. Lakini shule ni nomino ya kukopa, haina mzizi wa kunyambua, nami nimejaribu kila namna haikubali. Sioni hasara. Jina linaloeleza jambo kwa kile lilichokikimbia litakitaja hicho hicho kila siku ya maisha yake.

Mtihani wenyewe wa msamiati huja Juni. Shule za nchi nzima zinafungwa, na watoto wa majirani wanawakuta wa kwetu na vitabu kama walivyowaacha. Kufunga shule kunahitaji shule iwe na mlango wake. Hapo ndipo nilipolirudia neno likizo na kulipenda upya, kwa sababu linatokana na likiza, kitenzi ambacho wazee walikitumia pia kwa kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto aliyelikizwa hakuacha kula. Ameanza kula vingine, kwa mkono wake mwenyewe. Likizo ya namna hiyo tunaiweza. Vitabu vya sarufi na hesabu vinapanda kabatini, na watoto wanabaki na kusoma na kuandika wanavyotaka wao.

Majira yenyewe yamenipa taabu zaidi. Vitabu vya jiografia vinasema Juni hadi Agosti huku ni kiangazi. Mtu aliyekulia Tanga akisikia kiangazi anaona jua kavu na vumbi, ilhali Juni ya Houston ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kwa mwaka: joto la nyuzi 35, unyevu wa kunatisha nguo mgongoni, na radi alasiri. Wakati huo huo Tanga ni kipupwe, kusi inavuma, na mama yangu amejitanda khanga ya pili. Tukimpigia saa moja asubuhi ya huku, kwake ni saa tisa alasiri.

"Huko kwenu ni majira gani, mwanangu?"

"Kiangazi, Mama."

"Na hiyo ninayoisikia ikipiga bati?"

Watoto wamepita njia yao. Wao wanasema wakati wa nyenze, kwa sababu wadudu hao ndio wanaoyatangaza majira haya kutoka kwenye mialoni ya mtaa, tangu jua linapochomoza hadi magharibi, sauti moja isiyokata pumzi. Ni jina la kweli na halihitaji wizara. Mimi naendelea kuandika kiangazi, kwa kuwa msomaji wa Dodoma atanielewa, lakini nyumbani nimelikubali la kwao.

Wakati wa nyenze wa mwaka ule tulisoma kwa sauti Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha 1952. Maktaba ya hapa ni ya kujivunia, na kila likizo inawapa watoto kadi za kujazia vitabu walivyomaliza. Kiswahili chake ni kichache: ndipo tulipokipata Moja Means One cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings mwaka 1971, kinachohesabu moja hadi kumi kwa picha za kupendeza sana. Ukishafika kumi umefika mwisho. Cha Shaaban Robert kilitoka Tanga ndani ya sanduku, kimezongwa khanga.

Siku tuliyofika kwa mfalme Rai, anayetawala Ughaibuni, kitinda mimba alinikatiza. Ughaibuni ni hapa! Ndivyo anavyosikia kwenye simu na kwenye taarifa za redio, ndugu zetu walioko ughaibuni. Akataka kujua mfalme Rai alikaa upande gani wa Houston. Nikamweleza kwamba neno linatokana na ghaibu ya Kiarabu, kutokuwapo, kutoonekana. Shaaban Robert aliupa jina hilo ufalme usio kwenye ramani yoyote, na miaka mingi baadaye sisi tumelifanya anwani yetu. Kifungua mimba, aliyekuwa kimya, akauliza, "Kwa hiyo sisi ni watu ambao hatupo?" Tanga hatupo, nikamjibu, hapa tupo. Jibu lilimtosha yeye kuliko lilivyonitosha mimi. Tukaendelea na manyani wawili wa Adili wanaochapwa kila usiku.

Kila sura ikiisha nafunga kitabu na mmoja wao anasimulia. Njia hii ni ya Charlotte Mason (1842–1923), mwalimu wa Uingereza ambaye kitabu chake Home Education kilitoka 1886. Alitaka mtoto asomewe mara moja tu, kisha aseme kwa maneno yake mwenyewe yote aliyoyashika, bila kuulizwa maswali. Wafuasi wake Marekani wana istilahi yao ya jambo hilo na wanaifafanua kwa kurasa nyingi. Mimi sikuhitaji kubuni kitu. Kusimulia kulikuja na vyombo vyake vyote. Ukimwambia mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili "simulia", hakupi majibu ya mtihani, anasimama, anasema "Paukwa!", mnaitika "Pakawa!", na manyani wa Adili wanapigwa kwa mto wa kochi mpaka vumbi linatoka. Kitu alichosimulia hivyo hakimtoki.

Mwenzake ni kukariri, ambako kwa Kiarabu ni kurudia tu, lakini kinywani mwa mwalimu wa Tanzania ni lawama: "huyu amekariri", yaani hakuelewa. Wa tatu ni kuhifadhi, na hapa lugha inabadili uso kabisa. Aliyehifadhi Kurani au utenzi anaheshimiwa, kwa maana kuhifadhi ni kutunza pia. Mtoto anarudia maneno kichwani hadi yakae, na kwa tendo lile lile neno moja linamdharau na lingine linamkabidhi amana. Kiangazi hicho niliacha kuwaambia watoto wakariri shairi. Nawaambia walihifadhi, na nimeona wanavyolishika.

Kuandika kuna utajiri wake. Mama yangu huandika meza: hupanga sahani, bilauri na vijiko, kila kimoja mahali pake, kabla wageni hawajaketi. Rika langu, hasa wa mijini, tunapanga meza au tunatenga chakula, na matumizi yale yanatupotea. Na aliyeajiriwa husemwa ameandikwa kazi. Ndani ya kitenzi kuna wazo la kuweka kitu mahali pake mbele ya wengine, na maandishi ni tawi moja tu. Niliwaeleza watoto, nikafurahi kuona walivyolichukulia kwa uzito. Meza yetu ni moja. Inaandikwa sahani, inapanguswa, inaandikwa daftari. Aliyetakiwa kuandika barua kwa Bibi, akalalamika hajui aanzie wapi, nduguye alimwambia aweke kwanza salamu, ndiyo sahani ya mgeni, vingine vitafuata. Sijawahi kutoa somo la insha lililofika karibu na hapo.

Barua kwa Bibi zina umbo lake, salamu kwanza, ama baada ya salamu, kisha habari. Shajara ni huru zaidi. Kwa Kiarabu shajara ni mti, kwa hiyo walipoamua kuandika shajara ya mwaloni ulio nyuma ya nyumba, walikuwa wakiandika mti wa mti. Asubuhi moja kitinda mimba alikuta ganda la nyenze limeng'ang'ania gome. Lilikuwa na rangi ya chai ya rangi, limepasuka mgongoni kwa mstari mmoja ulionyooka, miguu ya mbele yenye meno bado imeshika mti, na ndani zinaning'inia nyuzi nyeupe nyembamba mno, bitana ya mirija ambayo mdudu alipumulia. Alilala chini kulitazama. Kisha akataka kitenzi. Nikampa cha nyoka: kujivua gamba. Mtanzania wa rika langu hawezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka 2011, Chama Cha Mapinduzi kilipotangaza kwamba kinajivua gamba. Mtoto wangu alilipokea likiwa safi, limerudi kwa wenyewe. Akaandika: "Nyenze amejivua gamba. Ametoka na mabawa. Nguo zake ameziacha zimeshika mti." Sikusahihisha kitu.

Tarehe 8 Julai kimbunga Beryl kilipita Houston alfajiri. Zaidi ya wateja milioni 2 wa umeme walibaki bila huduma, wengine kwa zaidi ya wiki. Ndani ya nyumba hakukukalika, tukahamia barazani na tochi. Usiku wa kwanza nilikuwa nikifuta maji ya friji nikasikia sauti ya kifungua mimba akimsomea mdogo wake. Mtoto wa jirani akaja akaketi. Baadaye akaja mama yake, mwenyeji wa Lubumbashi. Kiswahili cha kwao hakisemi kwenda shule. Mtoto huenda ku masomo. Akasimama kizingitini akawatazama wale watatu chini ya mwanga mmoja, akasema, "Kumbe masomo iko hapa."

Nililala na sentensi hiyo. Watu wa Lubumbashi waliipa shule jina kutokana na kusoma, wakati sisi tulichukua la Mjerumani. Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, walioifuata dini mpya waliitwa abasomi, wasomaji, kabla ya kuitwa kitu kingine. Tendo lilitangulia kila mahali. Na Kiswahili kina njia ya kulirudisha mbele bila kubuni neno geni, kwa silabi moja tu ndani ya kitenzi: soma, somea.

Angalia kazi zake. Kifungua mimba alikuwa akimsomea mdogo wake, yaani kwa ajili yake. Walikuwa wakisomea barazani, yaani mahali. Mtu husomea udaktari, yaani lengo. Mgonjwa husomewa dua. Nani, wapi, kwa sababu gani, vyote vimo katika umbo moja, na nyumba inayofundisha watoto wake inaishi ndani ya maswali hayo hayo. Kwa hiyo chaguo langu ni kusomea nyumbani. Linajibu swali la wazee kwa kitenzi chao wenyewe: "Wanasoma wapi?" "Wanasomea nyumbani." Halina jengo ndani yake wala halimkani mtu. Atakayesema linachanganya na mwanafunzi wa shule anayejiandaa jioni kwa mtihani, huyo tayari tunamwita anajisomea, na ile ji- inatosha kuwatenga. Atakayetaka nomino asihangaike na usomeaji, ni zito mdomoni. Kitenzi-jina kinatosha: "Kusomea kwetu nyumbani kuna mwaka wa ngapi sasa?" Ningependa watunga kamusi wa BAKITA na wa TATAKI walipe mstari wake.

Limebaki jina la anayefundisha. Nilipomweleza mama yangu haya yote kwa simu alilikubali kusomea mara moja, akaniambia atalitumia msibani kesho yake. Kisha akasema, "Na wewe ni somo wao." Pwani, somo ni mwanamke anayemfunda mwali mambo ya utu uzima, ni wajina wako pia, na ni lile la ratibani, somo la hesabu. Mtu na anachokifundisha wamekaa katika neno moja. Nimelichukua kwa mikono miwili.

Mume wangu ndiye asiye na lake. Hesabu na sayansi ni zake, na saa zake ni nyingi kuliko zangu. Somo ni la wanawake, Tanga watashangaa. Mwalimu linampeleka moja kwa moja mbele ya ubao. Akisema "nawasomesha wanangu", ambalo ndilo umbo hasa la kitenzi, kila Mtanzania atasikia kwamba analipa ada, kwa sababu kusomesha kumeshakuwa neno la mfukoni. Kama kwenu, Lamu, Kigoma au Lubumbashi, kuna neno la mwanamume anayeketi na wanawe mwenyewe akawafunza kitabu, naliomba.